Joto la Voi Halichagui Oili

Voi ni mji wa joto, na joto hilo limewaaminisha madereva wetu jambo ninalolipinga kila siku nikiwa nyuma ya kaunta: kwamba gari la huku linataka oili nzito. Dereva anaingia dukani, anapangusa jasho, anasema, "Mama, nipe ile nzito, hili jua unaliona mwenyewe." Ile nzito ni 20W-50. Namuuliza anaendesha gari gani, ananitajia Probox, au Vitz, au Noah. Namuuliza kitabu cha gari kinasema nini, anacheka. Kitabu kilibaki Japani, au kimo ndani ya droo ya dashibodi kimeandikwa Kijapani kitupu, na tangu anunue gari hajakifungua.

Nauza spea na oili hapa Voi, si mbali na soko. Wanaokuja kwangu ni watu wa matatu za Mwatate na Wundanyi, wenye pikapu zinazokwenda kwenye machimbo ya madini upande wa Kasigau, madereva wa malori waliokwama barabara kuu ya Mombasa, vijana wa boda boda, walimu na wauguzi wenye magari madogo. Oili nyepesi za kisasa huwa na bei ya juu kuliko 20W-50 ya kawaida, kwa hiyo najua mtu akinisikia nikiisifu nyepesi anaweza kudhani nasaka faida. Ndiyo sababu napenda kueleza kwa namba. Namba zimeandikwa kwenye mkebe na kila mtu anaweza kuzisoma mwenyewe.

Tuanze na hilo joto. Mchana wa Februari au Machi, Voi hupita nyuzi 30 bila taabu. Wundanyi mwezi wa Julai watu hushinda na masweta, ukungu umetanda mpaka barabarani. Kwa mwanadamu hizo ni dunia mbili, lakini kwa injini iliyokwisha kupata moto tofauti yake ni ndogo. Oili ya injini inayofanya kazi hukaa kwenye nyuzi 90 hadi 110 hivi, liwe gari liko Manyani au Mgange, kwa sababu themostati, radieta na feni vipo kwa kazi hiyo hiyo ya kuiweka injini kwenye joto lake. Jua likizidi, feni inazunguka zaidi, basi. Gari linalochemsha kila likifika Maungu lina ugonjwa kwenye radieta, au kifuniko cha radieta, au pampu ya maji, au gasketi ya silinda hedi. Nimeona watu wakilimiminia oili nzito gari la namna hiyo, wakaendelea nalo hivyo hivyo hadi hedi ikapinda.

Hali ya hewa ya nje huigusa oili zaidi wakati mmoja tu, nao ni asubuhi unapowasha. Kwa oili, hata Voi asubuhi ni baridi. Nyuzi 22 za alfajiri ziko mbali sana na 100.

Sasa tazama zile namba. Chukua mkebe ulioandikwa 5W-30. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyofika upesi juu ya injini unapowasha. Namba ya pili, 30, inaeleza uzito wake ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Ngazi hizi ni za SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzishwa Marekani mwaka 1905. Ngazi zao za kwanza za uzito wa oili walizitoa 1911, na zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo. Kwa hiyo 0W-30, 5W-30 na 10W-30 zote zina uzito wa ngazi moja injini ikiwa ya moto. Mteja akiona sifuri mwanzoni huogopa kwamba nampa maji. Hapana, ni oili ya 30 kama zile nyingine. Tofauti yake ni kwamba inaamka mapema.

Uzito wenyewe hupimwa kwa sentistoki, yaani jinsi kimiminika kinavyosita kutiririka. Oili ya 5W-30 ya kawaida ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa na sentistoki kama 60, na ikifika nyuzi 100 hushuka hadi kama 10. Oili ya 20W-50 ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa na 160 hivi, na kwenye nyuzi 100 hubaki na kama 18. Alfajiri ya nyuzi 22, tofauti ni kubwa zaidi ya hiyo. Wanaovuna asali Sagalla, kwenye mizinga iliyotundikwa kuzunguka mashamba ili kuwazuia ndovu, wanajua asali hiyo inavyomiminika juani na inavyogoma usiku wa Julai. Oili nayo hugoma vivyo hivyo. Injini ikiwashwa, pampu inapaswa kuivuta kutoka chini kwenye sampu, kuipitisha kwenye filta na kuipandisha hadi juu kwenye kemshafti. Mpaka ifike, vyuma vinategemea ule utando mwembamba uliobaki tangu jana. Sikiliza Probox iliyojazwa 20W-50 ikiwashwa saa kumi na moja alfajiri stejini: ile kelele ya mnyororo ya sekunde chache kabla haijatulia, mara nyingi ndiyo hiyo oili ikiwa bado njiani.

Probox nyingi za hapa zina injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, inayochukua oili lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Injini hiyo ina kitu kinachoitwa VVT-i. Kompyuta ya gari inaamuru vali ndogo ipitishe oili kwenye gia ya kemshafti, na nguvu ya oili hiyo ndiyo inayoizungusha kemshafti kidogo mbele au nyuma, ili vali za injini zifunguke wakati unaofaa. Kwa maneno mengine, humo ndani oili imepewa kazi ya mkono pamoja na ile ya kulainisha. Inapita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo cha wavu ambacho mafundi wengi hawajawahi kukitoa. Oili nzito kupita kiasi huchelewesha kazi hiyo, na ikichanganyika na uchafu huukwamisha wavu. Hapo dereva analalamika kwamba gari halivuti mlimani na linakunywa petroli, anabadilisha plagi, anaosha nozeli, na oili haimpiti akilini.

Mazoea haya ya 20W-50 hayakutoka hewani. Baba zetu waliendesha Peugeot 504 na Land Rover za zamani, injini zenye nafasi pana zaidi kati ya chuma na chuma, wakati oili nyingi zilikuwa za madini tu na nyepesi yake ilichakaa upesi. Kwa injini zile walikuwa sahihi kabisa. Mwenye 504 pikapu akija leo na injini yake ya asili, nampa 20W-50 bila kumuuliza mara mbili. Kijana wa boda boda mwenye Boxer pia nampa 20W-50, kwa sababu ndiyo aliyoiagiza mtengenezaji wa Boxer. Kila injini ilichorwa pamoja na oili yake. Peugeot ya mzee ilichorwa na yake na Probox ya kijana ikachorwa na yake, ingawa zote zinapita barabara moja.

Zamani zaidi ya hapo kulikuwa na mbarika. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walirusha ndege zao kutoka Maktau, hapa hapa kwenye njia ya Taveta. Ndege nyingi za enzi ile zilikuwa na injini za mzunguko zilizolainishwa kwa mafuta ya mbarika, kwa kuwa hayayeyuki kwenye petroli. Mmea huo unaota wenyewe kando ya barabara zetu. Hata wakati huo mtu wa mitambo aliuliza kwanza injini inataka nini.

Basi kitabu ni cha Kijapani, ufanye nini? Kwanza fungua boneti utazame kifuniko cha oili. Magari mengi yamechorwa uzito wa oili hapo hapo. Pili, ndani ya kitabu chenyewe, hata usipojua Kijapani, herufi za SAE na API na namba kama 0W-20 au 5W-30 zimeandikwa kwa herufi tunazozijua. Pekua kurasa za mwishomwisho, kwenye jedwali lenye lita. Tatu, soma kibati cha gari upate jina la modeli na la injini, kisha utafute kitabu cha gari lile lile lililouzwa nchi nyingine.

Hapa pana jambo la kuelewa. Vitabu vya Japani hupendelea oili nyepesi sana kwa ajili ya kubana matumizi ya petroli. Vitabu vya magari yaliyouzwa nchi za nje mara nyingi vina jedwali pana zaidi, na unaweza kukuta injini hiyo hiyo imeruhusiwa uzito zaidi ya mmoja, hata mzito, kulingana na hali ya hewa. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba injini itakufa kesho kwa 15W-40. Namwambia kwamba uzito uliopendekezwa kwanza ulipendekezwa kwa sababu, na kwamba asiuache bila sababu yake mwenyewe iliyo nzuri kuliko "jua kali". Kwa Probox iliyokwisha kutembea, inayobeba watu na magunia kila siku, ushauri wangu ni 5W-30. Kwa gari jipya zaidi ambalo kifuniko kinasema 0W-20, Toyota Aqua kwa mfano, namuuzia 0W-20, na nakwenda 5W-30 pale tu kitabu kinapoiruhusu.

Kinachotesa oili huku kwetu kuliko jua ni mlima. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, Wundanyi ipo kwenye 1,400 hivi. Ukitoka Mwatate, barabara inaanza kona na haiachi. Probox imejaa abiria, juu kuna mizigo, gia ya pili, injini inalia, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa kupoza radieta ni haba. Hapo pistoni na beringi zinabanwa kweli, na oili inapata joto ambalo barabara tambarare ya Mtito Andei haiwezi kuipa. Inarudi imepakia kabeji na mboga za Wundanyi, na siku nyingine inaelekea Taveta kuchukua ndizi na nyanya. Kwa kazi hii nasisitiza ubora wa oili kuliko uzito wake. Oili ya sinthetiki haiungui wala haifuki upesi kama ya madini, na inashikilia uzito wake ikipigwa moto kwa muda mrefu. Nusu sinthetiki ni ya katikati, na kwa wengi inatosha. Mwenye uwezo wa oili ya madini pekee nampa ya madini iliyo na namba sahihi, ila aibadilishe mapema, na simfanyi ajione duni.

Na ukiwa na turbo, ukifika juu usizime gari papo hapo. Acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili, turbo ipozwe na oili inayopita. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kugeuka makaa.

Herufi za API watu wengi huziruka, nami nasema zina uzito sawa na namba. API ni taasisi ya mafuta ya Marekani. Kwa petroli, alama zake huanza na S, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi: SF ilikuja 1980, SL 2001, SN 2010, SP 2020. Herufi ikiwa mbele zaidi kwenye alfabeti, oili imepita majaribio magumu zaidi, na kwa kawaida ya mbele hutumika mahali pa ya nyuma. SP, kwa mfano, ina jaribio la kulinda mnyororo wa injini usichakae, na 1NZ-FE inaendeshwa kwa mnyororo. Sasa geuza mikebe ya bei rahisi iliyopangwa madukani usome nyuma. Utakuta SF. Hiyo ni oili iliyopimwa kwa injini za mwanzo wa miaka ya themanini, inauzwa kwa mtu mwenye gari la mwaka 2016. Si feki, imeandikwa wazi kabisa ilivyo. Ni kwamba hakuna aliyesoma.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwatate alikuja na mkebe wa namna hiyo, tayari ameununua kwingine, akitaka filta tu. Nikamwonyesha zile herufi mbili.

"Kwani mama, SF na SN zinatofautiana nini? Zote si oili?"

"Mwalimu, ungekubali mtoto wa darasa la nane afundishwe kwa kitabu cha mtaala wa miaka arobaini iliyopita?"

Akaugeuza mkebe, akausoma polepole kama anayesahihisha insha, akaniambia atampa shemeji yake mwenye pampu ya maji.

Dizeli ina herufi zake, zinazoanza na C: CF-4, CH-4, CI-4, CK-4. Hilux, Hiace ya dizeli na Canter zinataka oili ya upande huo, kwa sababu dizeli hutoa masizi mengi na oili yake hutengenezwa iweze kuyabeba bila kuganda. Kwa nyingi za hizo 15W-40 yenye CI-4 inafaa vizuri. Mkebe ukiwa na alama mbili, kama CI-4/SL, maana yake imepimwa pande zote mbili, na ile iliyotangulia ndiyo iliyokusudiwa zaidi.

Lakini kuna dizeli za siku hizi zinazoponza watu, nami nataka mwenye gari hilo asome hapa mara mbili. Mazda Demio na CX-5 za dizeli zimejaa Kenya, na watu wanazipenda kwa ulaji mdogo wa mafuta. Kwenye njia ya moshi zina chujio la masizi, DPF. Chujio hilo hukamata masizi na kuyachoma lenyewe gari likiwa safarini. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu hayo hutoka kwenye kemikali za oili yenyewe, zile zinazoongezwa kwa ajili ya kusafisha na kuzuia uchakavu. Ukiweka oili ya dizeli ya kawaida, hata ile ghali ya malori, inaweza kuwa na majivu mengi kuliko chujio lilivyokadiriwa, na chujio linaziba kabla ya wakati wake. Kubadilisha DPF ni gharama inayoweza kumfanya mtu auze gari. Oili ya magari haya madogo ya Kijapani ina alama ya JASO DL-1, na alama hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye mkebe. JASO ni shirika la viwango vya magari la Japani. Na kama gari halitoki Voi mjini, linakwenda hospitali na kurudi nyumbani tu, lipeleke barabara kuu mara kwa mara liende mwendo mrefu bila kusimama, chujio lipate nafasi ya kuchoma.

Vijana wa boda boda nao wana alama yao, JASO MA au MA2. Kwenye pikipiki klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili ya gari huweza kuwa na kemikali za kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano inateleza: injini inalia, pikipiki haiendi, hasa ukipanda Sagalla na abiria wawili. Mkebe wa 20W-50 wa gari na wa pikipiki unaweza kufanana uzito na kutofautiana hapo tu. Soma.

Ni lini ubadilishe? Kitabu cha Toyota cha Japani kinasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa petroli isiyo na turbo, kisha kinaongeza kwamba kwa mazingira magumu igawe kwa mbili: 7,500 au miezi sita. Kwenye mazingira magumu wanataja barabara za vumbi, milima mingi, na safari fupi fupi. Ukisoma orodha hiyo ni kana kwamba mwandishi alisimama Mwatate. Madereva wetu wamezoea 5,000, na mazoea hayo nayaunga mkono kwa oili ya madini na kwa yeyote anayekwenda Kasigau au mbugani. Vumbi lile jekundu la Tsavo, linalowapaka ndovu rangi, ni mchanga laini. Likipenya filta ya hewa iliyochanika au isiyokaa sawa, linaingia kwenye silinda, linashuka kwenye oili na kugeuka msasa. Mwenye pikapu ya machimbo abadilishe filta ya hewa kabla hajanunua oili ya bei kali. Kwa matatu inayounguruma stejini ikisubiri abiria, kumbuka pia kwamba injini inafanya kazi na kilomita hazihesabiki.

Filta ya oili ibadilishwe kila unapobadilisha oili. Na oili ikiwa nyeusi usiilaumu. Inakuwa nyeusi kwa sababu inasafisha, na kwenye dizeli inaweza kuwa nyeusi siku hiyo hiyo.

Nikija kwenye oili feki, nakasirika. Mteja wangu mmoja wa Noah alinunua oili mahali pengine kwa bei ya kuvutia, mkebe wa jina kubwa. Injini ilipoanza kugonga akaniletea kilichobaki. Kizibo kilikuwa kimegandishwa kwa gundi, na ndani kulikuwa na kitu chepesi chenye harufu ya kuungua, oili chakavu iliyochujwa na kurudishwa kwenye mkebe wa kweli. Mkebe wenyewe ulikuwa halali kabisa, uliokotwa. Huo ndio mzizi wa biashara hii. Ukimaliza kumimina oili yako gereji, toboa mkebe kwa bisibisi mbele ya macho yako, ukate na lebo. Usimwachie mtu mkebe mzima, hata akiomba kwa ajili ya maji. Unaponunua, kagua pete ya kizibo kama haijakatika, hakikisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye mkebe haijafutwa, na tazama nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Namba ya kibali iliyo chini ya nembo unaweza kuihakiki na KEBS kwa ujumbe wa simu kabla hujatoa pesa. Na fundi akikuambia oili ameshainunua, mwambie akuonyeshe mkebe ukiwa haujafunguliwa. Fundi mwaminifu hakasiriki.

Oili chafu mliyoimwaga isiachwe mtaroni. Kisheria ni taka hatari, iko chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na mji huu unakunywa maji ya chemchemi za Mzima na ya visima. Ikusanyeni kwenye dumu, wapo wanaoichukua.

Limebaki swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, mteja akiinamia kaunta: "Mama, gari linakula oili. Sasa si niweke nzito?" Hili ni swali la haki na halina jibu moja. Kwanza pima vizuri. Gari lisimame mahali sawa, injini ipate moto, izimwe, usubiri dakika tano oili ishuke, uchomoe dipstiki, uifute, uirudishe hadi mwisho, uichomoe tena usome. Andika kilomita. Pima hivyo kila wiki kwa mwezi mzima. Kisha tazama chini ya gari asubuhi: tone likionekana ni sili au gasketi, na dawa yake ni fundi. Kama hakuna tone, mwambie fundi akague vali ya PCV, ile inayorudisha hewa ya injini kwenye njia ya kuvutia hewa. Ni spea ndogo, bei yake ni ndogo, na ikiziba huisukuma oili iunguzwe. Ringi zilizoganda kwa uchafu wa oili iliyokaa sana nazo hulegea wakati mwingine ukitumia oili safi nzuri kwa savisi kadhaa za karibu karibu.

Kama vyote hivyo vimefanyika, moshi wa samawati bado unatoka ukikanyaga mafuta, na injini imeshatembea kilomita laki mbili na zaidi, hapo nami nakubali kupanda ngazi. Napanda ngazi moja, kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40, na namba ya kwanza naiacha chini kadiri inavyowezekana ili asubuhi oili ifike juu. Inapunguza ulaji, inakupa muda wa kutafuta pesa za ringi. Mwenye matatu wa njia ya Bura nilimpandisha hivyo mwaka jana, akaendelea kubeba watu hadi shule zilipofungwa, ndipo akafungua injini. Katika muda wote huo alibeba lita moja ya oili hiyo hiyo chini ya kiti, na kila alfajiri kabla ya abiria wa kwanza kupanda alichomoa dipstiki.